Fani Kuu Vyuoni Marekani: Fomu Ina Tarehe Yake, Kozi Zina Yake

Vyuo vingi vya miaka minne nchini Marekani humruhusu mwanafunzi kuanza bila fani kuu, yaani somo kuu la shahada yake, na kuisajili mwishoni mwa mwaka wa pili, akiwa amefikisha krediti 60 hivi kati ya 120 za shahada ya kwanza. Ruhusa hiyo ni ya kweli. Tatizo ni yale ambayo watu huyaongezea.

Dhana: Nina miaka miwili ya kufikiri, fani iwe yoyote.

Ukweli: Inategemea kama fani hiyo ni rundo, ambapo kozi hazifuatani kwa lazima, au mnyororo, ambapo kila kozi hufungua inayofuata. Historia ni rundo. Ikidai krediti 36, hizo ni kozi 12 za krediti tatu tatu, na nyingi unaweza kuzichukua kwa mpangilio unaoutaka. Anayeamua mwanzoni mwa muhula wa tano ana mihula minne mbele yake: kozi tatu kila muhula, amemaliza.

Uhandisi mitambo ni mnyororo. Kalkulasi 1 hufungua kalkulasi 2 na fizikia ya mwendo, fizikia hufungua statiki, statiki (nguvu kwenye vitu vilivyotulia) hufungua ustahimilivu wa vifaa, huo nao hufungua usanifu wa mashine, kisha ndipo mradi wa mwaka wa mwisho. Krediti hata ziwe nyingi namna gani, hazikurushi pingili. Tena baadhi ya kozi hizi hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kufeli moja katika muhula wa vuli ni kusubiri hadi vuli ijayo. Aliyegusa kalkulasi 1 kwa mara ya kwanza mwaka wa pili kwa kawaida amekwisha kusogeza mahafali yake, hata kama fomu aliijaza ndani ya muda.

Kipimo ni rahisi. Chukua mpango wa mihula minane wa kila fani unayoifikiria, anza na kozi ya mwisho, urudi nyuma ukihesabu kila kozi inayomtegemea mwenzake. Mnyororo wa kozi saba katika mihula minane unakuachia muhula mmoja tu wa kupoteza. Basi muhula wa kwanza chukua pingili ya kwanza ya fani yenye mnyororo mrefu kuliko zote. Ukihamia historia baadaye, kalkulasi mara nyingi itakutimizia sharti la hisabati katika kozi za jumla. Anayetoka historia kwenda uhandisi hana bahati hiyo.

Dhana: Fani ni fomu tu, ukijaza umeingia.

Ukweli: Si kila mahali. Uuguzi, na uhandisi katika vyuo vingi, una nafasi zenye kikomo. Huombwa pamoja na chuo chenyewe, au baada ya kozi tangulizi na kwa alama zilizowekwa.

Dhana: Anayetaka udaktari asome biolojia, anayetaka uwakili asome siasa.

Ukweli: Vyuo vya udaktari hutazama kozi, havitazami jina la fani. Kwa upande wa sheria, Chama cha Mawakili cha Marekani hakipendekezi fani yoyote mahususi. Lakini mwanamuziki anayetaka udaktari asijidanganye: kemia ya jumla kwa kawaida huchukua mwaka, kemia kaboni mwaka mwingine, na baiokemia huja baada ya hapo.

Dhana: Kubadilisha ni kwa wachache wasio na msimamo.

Ukweli: Takwimu za elimu za serikali kuu zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kuwa karibu asilimia 30 ya waliokuwa wamesajili fani waliibadilisha angalau mara moja ndani ya miaka mitatu. Kwa walioanza na hisabati katika shahada ya kwanza, ilikuwa asilimia 52.

Dhana: Kubadilisha hakugharimu kitu.

Ukweli: Fomu ndiyo isiyogharimu. Msaada wa fedha wa serikali kuu una ukomo wa asilimia 150: kwa shahada ya krediti 120, ni krediti 180 ulizojaribu, zikiwemo ulizofeli na ulizoziacha katikati. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji wa kifedha, nayo huisha baada ya mihula 12 kamili, maisha yote. Wanamichezo wa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wako kwenye kamba fupi zaidi, kwani wanapaswa kuwa wamekamilisha asilimia 40 ya shahada wanapoanza mwaka wa tatu.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, akibadilisha fani aende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ili fomu yake ya I-20, hati ya chuo inayoonyesha anachosoma, isahihishwe. Msimbo wa fani ulioandikwa hapo ndio unaoamua kama ataweza kuomba miezi 24 ya kazi juu ya ile 12 ya kawaida baada ya kuhitimu. Miezi hiyo 24 ni kwa fani zilizo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Uchumi wa jumla, msimbo 45.0601, haumo kwenye orodha hiyo. Uchumi wa kihesabu, 45.0603, umo. Majina yanakaribiana, na kozi nyingi ni zilezile.

Kabla ya kusaini chochote, mwombe mshauri wa masomo akufanyie ukaguzi wa shahada wa majaribio kwa fani mpya, yaani orodha ya masharti uliyotimiza na yaliyobaki kana kwamba umeshahamia. Usisome krediti ulizonazo. Soma zilizobaki, na muhula ambao kila moja itafundishwa.