Oili ya shoki: springi inarudisha, oili inatuliza

Kwenye steji za boda, iwe Kondele au Nakuru mjini, neno "mzito" linafanya kazi mbili. Kuna uji mzito, na kuna gunia zito la mahindi. Tukizungumza tu, tunaelewana. Shida inaanza mtu akishika spana, kwa sababu uzito wa uji na uzito wa gunia si kitu kimoja. Chukua mafuta ya kupikia. Ni mepesi kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 0.92, ndiyo maana yanaelea. Hata hivyo yanatiririka kwa uvivu kuliko maji mara 50 na zaidi. Uvivu huo ndio mnato, yaani ukaidi wa tabaka za kiowevu zinapolazimishwa kupitana, na mizani ya kilo haiupimi.

Pahali mnato unapoumiza watu bila wao kujua ni kwenye shoki za mbele za pikipiki.

Ndani ya kila mguu wa shoki kuna springi na oili. Springi inabeba uzito na kuirudisha pikipiki pale inapostahili kukaa. Huo ni msawazo. Lakini springi haijui kusimama. Ukiibana na kuiachia, inapita mahali pake, inarudi, inapita tena. Kinachoikomesha ni oili, ambayo kila mguu unapoingia au kutoka lazima ipenye kwenye matundu madogo ya bomba la ndani. Kupenya huko kunaila nguvu ya mtikisiko na kuigeuza joto kidogo, na hapo ndipo utulivu unapotoka. Pikipiki inaweza kuwa na msawazo mzuri ikiwa imesimama, na bado ikakosa utulivu kabisa tuta la kwanza likifika.

Sasa, kosa ambalo naliona kila mara: kumimina oili ya injini ya 20W-50 kwenye shoki, mara nyingine hata iliyotumika. Watu husema oili ni oili. Mnato hupimwa kwa sentistoki, na maji ya nyuzijoto 20 yana kama 1. Oili ya 20W-50 ikiwa nyuzi 100, ndani ya injini, iko kati ya 16 na 22, na ndivyo ilivyotengenezwa ifanye kazi. Ikiwa nyuzi 40 inapita 150. Shoki haifikii joto la injini hata siku moja. Mchana wa Kisumu itakuwa karibu na joto la hewa, na asubuhi ya Molo itakuwa baridi zaidi, na oili kaidi zaidi. Oili ya shoki iliyoandikwa 10W kwa kawaida ina kama 30 hivi kwenye nyuzi 40. Kwa hiyo umeweka kitu kilicho kaidi mara tano. Na usiamini ile 10W peke yake, kwa sababu watengenezaji hawalingani. Soma sentistoki za nyuzi 40 nyuma ya chupa.

Mwenye pikipiki akiijaribu anafurahi: "Imekuwa ngumu, imetulia." Haijatulia, imepooza. Mtu asiyeshtuka nyumba ikiwaka moto hatumwiti mtulivu. Mtulivu hushtuka, kisha hurudi katika hali yake upesi. Shoki yenye oili kaidi ikipita matuta madogo yanayofuatana inaingia kwenye la kwanza, na kabla haijatoka inakutana na la pili, halafu la tatu, ikizama zaidi kila mara mpaka haina nafasi iliyobaki. Hapo gurudumu linaruka na mikono ya dereva ndiyo inayopokea pigo.

Jaribio ni rahisi. Shika usukani, sukuma mbele chini kwa nguvu, kisha achia. Ikipanda na kusimama, labda na kamtikisiko kamoja kadogo, ni nzuri. Ikidunda mara mbili tatu, oili imepungua au imechoka. Ikipanda polepole kama inayofikiria, mnato umezidi.

Kubadilisha: weka boksi chini ya injini ili gurudumu la mbele lielee. Legeza kifuniko cha juu cha mguu kabla ya kulegeza bolti za klampu, maana mguu ukishatoka hutapata pa kuushikia. Toa gurudumu na madigadi, teremsha mguu. Ukimalizia kifuniko, kikandamize kwa kiganja na uso uwe pembeni. Springi iko chini yake na inaruka. Itoe, kisha mwaga oili huku ukipampu mara kama kumi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, inahitaji kubadilishwa. Ikimetameta, ni chuma kinachosagika.

Kiasi kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa nyingi za siisii 100 hadi 150 ni kama mililita 130 hadi 200 kila mguu. Pima kwa sirinji, usikadirie kwa macho. Pampu taratibu mpaka mapovu yaishe, acha mguu umesimama dakika kumi, kisha, springi ikiwa nje na mguu umebanwa hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Miguu miwili ilingane. Hewa iliyobaki juu ni springi ya pili: ukijaza sana, inabanwa mpaka inasukuma sili nje, ukipunguza, oili inachanganyika na hewa na kuwa povu, na povu linapita kwenye matundu bila kuzuia chochote.

Baada ya wiki moja, pangusa mabomba na uangalie. Ukiona pete ya oili juu ya sili, shughulikia siku hiyo hiyo, kwa sababu inakoshuka ni kwenye breki ya mbele.