Mshigi wa uani na yule wa kichakani

Hapa Masindi watoto wakiona kandege kekundu kanaokota chenga uani wanakimbilia manati, ati kwelea wamekuja kumaliza mtama, na inaniuma kweli kwasababu huyo ni mshigi tu, uzito wake hata gramu 10 hafiki vizuri. Suke hana haja nalo, yeye anarukaruka chini anaokota mbegu za nyasi na punje zilizoshaanguka, akikuta mchwa anakula pia. Kwelea wanakuja kundi kama wingu, huyu utamwona na mwenzake, au na familia.

Halafu watu wanasema mshigi ni aina moja. Siyo. Wako kadhaa Uganda, ila wawili ndio wanachanganywa sana. Usiangalie kifua, wote wawili ni wekundu na wote wana vidoti vyeupe ubavuni. Angalia mdomo. Wa uani mdomo wake ni mwekundu wa waridi na jicho limezungukwa na kapete kembamba ka njano, yule mwingine mdomo wake ni kijivu cha bluu, na akikugeuzia mgongo akainua mkia utaona chini yake ni nyeusi tii, wakati wa uani pale amepauka kama udongo. Huyu wa mdomo wa kijivu ni mwoga, anakaa kichakani pembeni ya shamba, ukisogea anazama ndani, kwa hiyo anayekuja mpaka mlangoni kuokota chenga karibu kila mara ni yule wa kwanza.

Wale wa kahawia wanaotembea nao je? Wengi wanasema wote ni watoto, hapana, wamo na majike, tena jike wa uani ana wekundu kidogo kati ya jicho na mdomo, ambao mtoto hana.

Sasa kubwa zaidi ni yule ndege mweusi anayeng'aa mwenye miguu myekundu, watu wanasema ndiye baba mzee wa mishigi kwasababu anaimba kama wao. Kumbe ni aina nyingine kabisa! Mama yake alitaga kwenye kiota cha mshigi wa uani akaenda zake, kinda akalelewa humo, mdomo wake ndani una alama kama za makinda ya mshigi kwa hiyo wazazi wanamlisha bila kumtofautisha, na wimbo wa mshigi akaujulia hapohapo. Pia hawatupi wenzake nje kama watu wanavyodhani, wanakua pamoja. Kwa hiyo ukiona kinda tofauti kiotani usimtoe tafadhali.

Jikoni kwetu wamejenga kwenye nyasi za paa, kiota cha mviringo, mlango uko ubavuni, ndani wametandika manyoya ya kuku. Juzi dume alikuwa anarukaruka mbele ya jike ameshika unyoya mdomoni, ndivyo anavyoposa, na unyoya wenyewe ni wa jogoo wa jirani.