Mafuta ya kupikia si biodizeli

Mtu akimimina mafuta ya alizeti kwenye tangi la gari, utamsikia akisema anatumia biodizeli. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, hata na mafundi ninaowaheshimu.

Biodizeli ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyokwisha kugeuzwa. Huchanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, yakapashwa moto kiasi. Gliserini huzama chini. Kinachobaki juu, kikishasafishwa, ndiyo biodizeli.

Jina nalo limechangia kupotosha. Dizeli lilikuwa kwanza jina la mtu, Rudolf Diesel, kisha la injini yake iliyokamilika Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mafuta ya kituoni yalilirithi baadaye. Wengi husimulia kwamba Diesel alianza na biodizeli, kwa sababu kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Iliendeshwa kweli, na walioileta ni kampuni ya Otto. Lakini hayo yalikuwa mafuta ya karanga yenyewe, hayakugeuzwa. Ilipita miaka 37 ndipo Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, akapata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kuyageuza mafuta ya mawese, kwa ethanoli, alkoholi nyingine, na mwaka 1938 basi likabeba abiria kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Wabelgiji waliitawala Kongo. Mawese hayakuwa shida kwao.

Nalishikilia hili kwa sababu injini inaijua tofauti. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi. Nozeli, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini, haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu, kwa hiyo hayaungui yakaisha: masizi huganda kwenye nozeli na ringi za pistoni, na mengine huvujia kwenye oili. Siku ya kwanza gari huwaka vizuri tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Wanaoyatumia kwa kujua hufunga tangi la pili: huwasha kwa dizeli, huyapasha mafuta kwa joto la maji ya injini, na hurudi kwenye dizeli kabla ya kuzima.

Anayekuuzia biodizeli, muulize gliserini ameitoa wapi na lini. Asipokuelewa, basi anachouza ni mafuta ya mimea. Yaite hivyo, na uyatumie hivyo.