Sketi iliyofupishwa na miguu

Mimi ni fundi wa maleba. Wateja wangu wengi ni shule za baleti hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa sana na wazazi ni kwa nini tutu moja ya binti, yaani sketi ya baleti, igharimu kuliko gauni la harusi la shangazi yake. Jibu fupi ni kwamba gauni la harusi huvaliwa na mtu anayetembea polepole. Jibu refu linaanzia Ufaransa, kwa mfalme.

Mwaka 1653 Louis XIV, kijana wa miaka 14, alicheza katika Ballet de la Nuit, onyesho lililokesha hadi alfajiri. Alitokea kama Apollo, mungu wa jua: miale ya dhahabu kifuani, miale magotini, manyoya kichwani. Vazi lile lilishonwa ili aonekane mtawala, wala halikumtaka aruke. Baleti ya ikulu ilikuwa ya kutembea kwa madaha, kukunja goti na kugeuka, kwa hiyo uzito haukumsumbua mtu. Wanawake wa kulipwa walipopanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, walipanda na nguo hizo hizo za ikulu: koseti, sketi ya kuburuza na barakoa usoni. Miguu yao hakuna aliyeiona.

Ugomvi ukaanzia hapo, na kwangu mimi historia yote ya mavazi ya baleti ni ugomvi huo: mguu unataka nafasi, jicho linataka nguo. Marie Camargo, aliyeanza kucheza Paris mwaka 1726, alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani, ufundi uliohesabiwa kuwa wa wanaume. Utakuwa na faida gani ukifunikwa na pindo? Akalipandisha hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, na Paris ikachachamaa. Kwa kifundo cha mguu! Mshindani wake, Marie Sallé, alishika njia nyingine. Mwaka 1734, mjini London, alicheza Pygmalion bila fremu ya kutanua nyonga, nywele zimeachiwa, mwilini ana melimeli nyepesi. Huyu ndiye ninayempenda zaidi, maana alielewa jambo ambalo sisi mafundi hulisahau: kitambaa nacho hucheza.

Karibu miaka 100 baadaye melimeli ikashinda kabisa. Machi 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide mjini Paris, akiwa na sketi nyeupe iliyotanuka chini, tabaka juu ya tabaka, na vibawa vidogo mgongoni. Opera ilikuwa imeingiza taa za gesi tangu 1822, na mwanga ule ulipopenya kwenye kitambaa chepesi, mchezaji alionekana kama haguswi na sakafu. Viatu vyake vya satini havikuwa na ncha ngumu kama za leo. Vilitiwa nguvu kwa kushonewa nyuzi tu. Kilichomsimamisha kwenye ncha za vidole ni misuli yake.

Lakini melimeli na gesi havipatani. Mwaka 1844 Clara Webster aliungua jukwaani London, akafa siku chache baadaye. Ufaransa ikaagiza nguo za jukwaani zichovywe dawa ya kuzuia moto, na ilifanya kazi. Tatizo ni kwamba dawa ilikikausha kitambaa, kikawa kigumu na chenye rangi ya vumbi. Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni, akakataa kuvaa nguo iliyochovywa. Novemba 1862, kwenye mazoezi, sketi yake ilishika moto wa taa. Alikuwa na miaka 20. Aliishi na majeraha yale miezi minane. Mabaki ya vazi lake bado yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris. Mtu akiniambia nguo za baleti ni urembo mtupu, huyu ndiye ninayemtajia.

Kutoka Paris kitovu kilihamia St Petersburg. Waitaliano ndio waliolifupisha tena pindo huko: Virginia Zucchi mwaka 1885, akisisitiza sketi fupi kuliko walivyozoea Warusi, kisha Pierina Legnani, aliyezunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika Swan Lake ya 1895. Mizunguko kama hiyo ukiicheza na sketi ndefu, itakuzonga miguuni. Hata hivyo sketi zao zilikuwa bado zinafika karibu na magoti. Ile iliyolala bapa kiunoni, ambayo kila mtoto huniletea picha yake kwenye simu, ni kazi ya karne ya 20.

Hebu niifungue hiyo. Msingi wake ni chupi. Juu ya chupi hiyo hushonwa marinda ya neti, tabaka 10 hadi 12 au zaidi, la chini kabisa likiwa na upana wa vidole viwili vitatu na kila linalofuata likizidi kidogo, hadi la juu. Neti ya shela inayouzwa madukani ni laini mno. Tutu ya neti hiyo itaning'inia kama jani la mgomba lililokatwa. Inatakiwa neti ngumu, ile inayokwaruza vidole ukiikunja. Katikati ya tabaka hupitishwa waya wa chuma uliopindwa duara. Kisha ndiyo inakuja kazi inayokula siku: tabaka zote zinashikizwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Mishono hiyo lazima ilegee. Ukiikaza, sketi inakuwa ubao. Ukiilegeza kupita kiasi, inafumka kama kabichi.

Mgongoni hakuna zipu. Zipu ikikwama dakika mbili kabla ya pazia, umekwisha. Tunatumia kulabu na vitanzi, tena kwa kupishanisha, moja ikitazama kulia na inayofuata kushoto, ili mchezaji akivuta pumzi zisiachane. Vitanzi huwekwa safu mbili au tatu, kwa sababu vazi moja huvaliwa na wachezaji wengi kwa miaka mingi. Ndani ya mavazi ya makundi makubwa utakuta majina yao yameshonewa, jipya chini ya la zamani. Harufu? Haifuliwi kila usiku, inapuliziwa vodka.

Wanaume nawapitia haraka, ingawa Nijinsky, mchezaji nyota wa Urusi, alifukuzwa kazi St Petersburg mwaka 1911 kwa kucheza Giselle na taiti bila kaptura ya kujisitiri juu yake.

Kwa fundi yeyote, jina la kulisoma ni Barbara Karinska, aliyeshona New York kwa ajili ya George Balanchine, mtunzi wa baleti. Aliona kwamba waya hutibua jukwaa lenye watu wengi: tutu zikigusana, upande mmoja unainuka, wa pili unashuka. Mwaka 1950, kwa ajili ya Symphony in C, akatoa waya, akapunguza tabaka, akaiacha neti ijishikilie yenyewe. Kiwiliwili alikikata kwa mshazari, kitambaa kikavutika na mbavu. Balanchine mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Baleti yake The Four Temperaments ilianza 1946 na mavazi mazito ya Kurt Seligmann yaliyoficha hatua zake. Mwaka 1951 akayaondoa yote, wachezaji wakabaki na nguo za mazoezi.

Hapo mguu ulikuwa umeshinda, lakini mguu wa nani? Taiti na viatu vya waridi vilikusudiwa kufanana na ngozi ya Mzungu, ili mstari kutoka nyonga hadi kidoleni usikatike. Kwa mchezaji mweusi vinaukata hasa: mwili rangi moja, miguu nyingine. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa mwaka 1969, lilianza mwaka 1974 kutia taiti na viatu rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Wengine walipaka viatu vyao vipodozi vya uso, jozi baada ya jozi. Viatu vya kahawia vya kununua tayari, vilivyotengenezwa na kampuni ya viatu ya Freed pamoja na kundi la Ballet Black la London, vilitoka 2018. Wateja wangu wengi bado huagiza taiti za waridi kwa mazoea. Siku hizi huwatolea kwanza za kahawia, na binti anapojitazama kwenye kioo ameinua mguu, mara nyingi mama hasubiri nieleze.