Teranostiki sio kipimo cha kujua kama una kansa

Siku hizi kila klipu ya kansa inayozunguka WhatsApp lazima itaje teranostiki, na wengi wanaielewa kama sindano ya maajabu, unaenda mzima wako, unachomwa, vidude vinazunguka mwilini vikikuta kansa vinaimaliza hapohapo. Hapana jamani.

Teranostiki ni kutumia kitu kimoja, au viwili vinavyofanana, kuonyesha kansa ilipo na kuishambulia, wanasema "kwa mpigo mmoja". Basi.

Sasa shida iko kwenye hilo "kuonyesha", watu wanalisikia kama kugundua. Mgonjwa anafika hapo ashakatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe, kimepimwa maabara, majibu anayo. Kinachotafutwa ni kansa imekaa wapi, imesambaa kiasi gani, na je dawa inafika kweli? Chukua AGuIX ya Wafaransa, ni chembe ndogo mno, karibu nanomita 5, zimebeba gadolini, metali ambayo MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inaiona vizuri, kwa hiyo uvimbe unang'aa kwenye picha, alafu mgonjwa akipigwa mionzi gadolini ileile inaongeza makali pale ilipojikusanya. Zinazobaki zinatoka na mkojo. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanyika Grenoble, Ufaransa, kwa watu 15 ambao kansa ilishasambaa hadi kwenye ubongo, hakuna aliyekuja pale kujua kama anaumwa. Na bila mionzi hizo chembe ni za kung'arisha picha tu, haziui chochote.

Halafu kuna hii ya kudhani kila chenye nano, yaani chembe ndogo mno kama hizo, ni teranostiki. Doxil, iliyoruhusiwa Marekani 1995, ni nano kabisa, dawa ya kansa ndani ya vijipovu vya mafuta, ila haionyeshi kitu. Iodini ya mionzi kwa kansa ya tezi ya shingo ipo tangu miaka ya 1940, kidogo ya kuona, nyingi ya kuua, hiyo ndo teranostiki yenyewe na nano haimo. Hata Pluvicto, dawa ya kansa ya tezi dume iliyoruhusiwa Marekani 2022, picha inapigwa siku yake kwa dawa nyingine, tiba siku nyingine, kwa hiyo "kwa mpigo mmoja" tunasema tu.

Mtu akikutumia hiyo klipu usimgombeze, mwambie tu hayo ni ya mtu ambaye kansa yake inajulikana, yeye kama amepapasa akahisi kivimbe kwenye titi bado aende hospitali wamkague, ikibidi wakate kipande cha nyama wapime kama kawaida.