Kwenda Italia kujitolea kuongea Kiingereza na wanafunzi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Hii habari ya vijana kwenda Italia kukaa na familia na kupiga stori kwa Kiingereza na wanafunzi wa huko inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila anayeituma anaongeza chumvi yake, huyu anasema ni ya wazungu tu, mwingine anasema ni njia rahisi ya kuingia Ulaya, mwingine anasema tuma elfu ishirini nikushikie nafasi. Mimi naipenda hii kazi na nataka watu wetu waifanye, ila waende wakijua wanakokwenda, ndo maana nayashika haya mambo moja moja.

“Lazima uwe Mwingereza au Mmarekani”

Tuanze na hili maana ndo linalowakatisha watu tamaa kabla hata hawajajaza fomu. Kuna ukweli kidogo ndani yake na sitauficha. Shule nyingi za Italia zikitafuta mtu wa mazungumzo zinaandika zinataka madrelingua, yaani mtu aliyezaliwa na Kiingereza, na zipo programu zinazotaja kabisa pasipoti wanazokubali, ukiona hivyo usipoteze muda wala hela yako, pita mbele. Lakini zipo nyingine zinazoangalia kiwango tu, wanataka C1 au C2 kwa ile ngazi ya Ulaya inayoanza A1, na hapo Mkenya aliyesoma masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la nne mpaka chuo, au Mtanzania aliyepita sekondari na chuo kwa lugha hiyohiyo, hana sababu ya kujiona mdogo. Uliza kwa maandishi mapema: je, mnapokea mtu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania? Jibu likiwa la kuzungukazunguka hilo nalo ni jibu.

Alafu kuna jambo ambalo watu wetu hawajipi sifa yake. Sisi Kiingereza tumejifunza, kimekuja juu ya Kiswahili, na kwa wengi juu ya lugha ya nyumbani pia, kwa hiyo tunajua kinavyoingia kichwani na kinapokwama. Mtoto wa Kiitaliano atakwambia “I have fifteen years” kwa sababu kwao umri ni kitu unachokuwa nacho, na wewe uliyekua ukisema nina miaka kumi na tano unamuelewa hapohapo bila kushangaa na unajua jinsi ya kumrekebisha bila kumfanya ajione mjinga. Mtu aliyezaliwa nacho mara nyingi anasikia tu kosa, halioni linapotoka.

“Waitaliano hawajui Kiingereza, utaanza na A B C D”

Hapana. Hapa ndo watu wanajiandaa vibaya kuliko popote, wanabeba kadi za picha za ng'ombe na mpira kisha wanakutana na kijana wa miaka 17 anayejua jedwali la vitenzi kuliko wao.

Kiingereza Italia kinaanza darasa la kwanza la primary, hivyo ndivyo ilivyo tangu mageuzi ya 2003. Mtoto anasoma miaka 5 ya primary, miaka 3 ya scuola media, kisha miaka 5 ya juu ambako anachagua liceo, yaani shule ya kuandaa watu wa chuo kikuu, au shule ya ufundi au ya taaluma, kwa hiyo anayemaliza ana miaka 13 ya Kiingereza mgongoni na lengo rasmi ni afike B2. Sasa kwa nini hafungui mdomo? Angalia anavyopimwa. Kuna mtihani wa taifa unaitwa INVALSI, Kiingereza kiliingizwa humo 2018 kwa darasa la mwisho la primary na la media, na 2019 kwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na kinachopimwa ni kusoma na kusikiliza basi, kuongea hakumo. Ongeza na TV, Italia wana desturi ya zamani sana ya kuweka sauti za Kiitaliano juu ya filamu za nje, tangu miaka ya 1930, kwa hiyo wazazi wa hawa watoto wameangalia sinema zote za Hollywood bila kusikia Kiingereza. Vijana wa sasa wana YouTube na gemu za mtandaoni na unaona tofauti, ila hapo nako wanasikiliza zaidi kuliko wanavyoongea.

Na kuna kitu kinaitwa interrogazione. Mwalimu anaita jina, mwanafunzi anasimama au anasogea pale mbele, anaulizwa maswali kwa mdomo huku wenzake wote wanasikiliza na mwisho anapewa alama kati ya 1 na 10, sita ndo kupita. Huyo ndo mtoto unayempata wewe, kwake kuongea mbele ya mtu mzima ni kuhesabiwa makosa, na ukimuuliza wikiendi yako ilikuwaje anajibu “nice” ananyamaza, sio kwamba hajui, anaogopa alama ambayo wewe huna hata mamlaka ya kuitoa.

Dawa yake ni kumuuliza kitu anachokijua kuliko wewe. Vijana wa kiume wengi, na wasichana pia, wanacheza Fantacalcio, ile fantasy ya Serie A, gemu ya kujiundia timu yako kwa wachezaji halisi wa ligi ya Italia, na kwa sisi tuliolelewa na FPL, ile ya ligi ya Uingereza, hapo pana daraja tayari. Muulize kijana kwa nini amemnunua striker fulani kwa bei kubwa hivyo wakati timu yake haifungi. Ataanza kwa mikono, ataweka neno la Kiitaliano katikati, atakosea past tense mara nne, ila ataongea dakika tano nzima bila kusimama na wenzake wataingilia kumbishia, kwa Kiingereza, na wewe kazi yako hapo ni kukaa kimya na kurudia sentensi moja au mbili kwa usahihi kama vile unakubaliana naye. Usimkatize kumsahihisha, ukimkatiza umerudisha interrogazione. Makosa andika pembeni muyaongelee mwishoni bila kutaja ya nani.

“Utaachiwa darasa lako”

Darasani mwalimu wao anabaki, yeye ndo anawajibika kwa wale watoto kisheria, wewe ni msaidizi wa mazungumzo. Mara nyingi utapewa kikundi kidogo kidogo, watano au sita, mkae maktaba au kona ya darasa. Shule ni asubuhi, kuanzia saa mbili hivi mpaka saa saba au nane mchana, na shule kadhaa bado zina Jumamosi, usipange safari zako zote za wikiendi kabla hujaona ratiba. Wakifunga Juni wanarudi katikati ya Septemba, tarehe zinapangwa na kila mkoa, na katika hiyo likizo ndefu nafasi nyingi zinakuwa kwenye kambi za watoto badala ya shule, huko ni nyimbo, michezo, maigizo, jua kali na watoto wa miaka 7 wasiokaa chini. Ni kazi mbili tofauti kabisa, jiulize wewe ni wa ipi.

“Ukijua Kiitaliano umebarikiwa”

Hili nawaambia hasa watu wa Malindi, Watamu na kule Kiwengwa Zanzibar, ambako Waitaliano wamezoeleka miaka mingi na vijana wengi wa beach wanaongea Kiitaliano cha kunyooka. Dukani, kwenye basi, famasia, na mezani na bibi wa nyumba, kitakubeba sana na watu watakupenda kwa hilo. Lakini mbele ya wanafunzi kifiche. Siku watakapojua unaelewa ndo siku watakayoacha kuhangaika, kila wakikwama watakimbilia huko kwa sababu ni rahisi, na kule kuhangaika kutafuta neno ndo somo lenyewe.

“Ni kujitolea, kwa hiyo ni bure” na mwenzake “utalipwa na mshahara kidogo”

Kawaida unapewa chumba na chakula kwa familia inayokupokea, basi. Tiketi ya ndege, viza, bima na hela ya mfukoni ni juu yako, na programu nyingine zinatoza ada juu ya hapo. Kambi za kiangazi zipo zinazolipa watu wao, hizo zinahitaji ruhusa ya kazi, sio kujitolea tena. Na yule ajenti anayeomba hela kwa simu ili akutumie “barua ya mwaliko”, muulize jina la shule, mji, na jina la anayekupokea, kisha piga simu shuleni mwenyewe, shule za serikali Italia zina tovuti zenye namba na anwani. Kama ni Kenya na anasema ni wakala wa kupeleka watu kazini, angalia kama amesajiliwa na National Employment Authority. Akikwambia hakuna muda, nafasi inafungwa leo jioni, basi nafasi haikuwepo.

“Chukua viza ya utalii, ukifika utajua mbele”

Tafadhali usifanye hivi. Yaani hapa ndo mtu anajiharibia pasipoti kwa jambo zuri kabisa alilokuwa anaenda kufanya. Viza fupi ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, inataka bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Hata ikiwa unaenda wiki chache, eleza sababu ya kweli ya safari kwenye maombi na weka barua ya shule au shirika, waambie wazi utakuwa na wanafunzi, ubalozi wa Italia upo Nairobi na upo Dar es Salaam, wao ndo wataamua aina ya viza. Ukizidi siku 90 hiyo ni viza ya taifa, aina D, na Italia wana kundi la viza ya kujitolea lenye masharti yake, ikiwemo shirika linalokupokea kuwa limetambulika kule. Ukishafika na hiyo una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa, permesso di soggiorno, usisubiri mpaka uzoee mji.

Kama hilo linakuuma na kuona tunaonewa sisi tu, jua tangu 2021 hata Mwingereza ni mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya, naye siku 90 zinamhusu, ingawa yeye kwa muda mfupi haombi viza.

Andaa pia cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kwa sheria ya 2014 mwajiri Italia anatakiwa kuangalia rekodi ya anayemuajiri kufanya kazi na watoto, na kwa wanaojitolea shule nyingi zinapenda kuona kitu cha namna hiyo, ni haki yao na ni kwa usalama wa watoto. Na hiki kibali cha kujitolea sio mlango wa kazi, anayekuuzia hilo anakuuzia hewa.

“Italia ni joto kama pwani”

Sicily mwezi wa saba, sawa. Milan, Turin au Bologna Januari ni kitu kingine, na usitegemee kukuta nyumba imewashwa hita kutwa, kuna sheria: maeneo hayo hita zinaruhusiwa kwa kawaida kuanzia 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, masaa 14 kwa siku, nyuzi 20 hivi ndani. Kwa hiyo ukimuona mama wa nyumba amezima hita saa nne usiku usidhani anakubania. Beba sweta ya kuvaa ndani.

“Sisi tunakwenda kuwasaidia nini watu wa Ulaya?”

Nalichukia hili neno kuliko yote. Tumezoea kuona mgeni anakuja kwetu na begi mgongoni kutufundisha, mpaka wazo la sisi kwenda kuwafundisha wao linaonekana kama kosa. Lakini fikiria darasa la Brescia au Vicenza, miji ambayo ina Waghana wengi, kuna mtoto pale ambaye wazazi wake wanaongea Kiingereza nyumbani na pengine amewahi kuambiwa kile sio Kiingereza cha kweli. Unapoingia wewe kama mtu wa Kiingereza wa wiki hiyo, mtoto yule anapata kusikia kwamba lugha ya mama yake inakubalika darasani.

Na wanafunzi wengine watakuuliza maswali, mengine ya ajabu, kama mna simba mtaani, wajibu kwa utulivu maana wanauliza kwa kutojua. Kisha waambie jinsi mama mboga anavyolipwa kwa simu, kwamba M-Pesa ilianza Kenya 2007, wakati bibi zao wengi bado wanapanga foleni posta kuchukua pensheni taslimu. Watabisha, wataomba uwaonyeshe, watauliza simu ikiibiwa inakuwaje, na mwalimu pale nyuma atashangaa wale waliokuwa kimya tangu Septemba wamepata wapi maneno. Kwa hiyo kwenye simu yako weka picha za kwenu, soko, shule yako, matatu, sahani ya pilau, hata ile meseji ya M-Pesa yenyewe ukiwa umeficha majina na namba, na picha moja ikikupa nusu saa ya mazungumzo usiharakishe kufungua ya pili.