Jua la ikweta halimfikii kijana aliye chumbani

Ikweta inakatiza Uganda, na pale Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka wasafiri husimama kupiga picha juu ya mstari wenyewe. Katika nchi kama hii ni rahisi kudhani kwamba hakuna anayeweza kupungukiwa na vitamini D, maana ngozi huitengeneza yenyewe ikipigwa na jua. Lakini anayekaa ndani hafaidi jua hilo. Hata akiketi dirishani hapati kitu, kwa sababu miale ya urujuanimno inayofanya kazi hiyo huzuiwa na kioo.

Vijana walioanza kuugua saikosisi, yaani wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kuamini kwamba wanafuatwa na kuchunguzwa, ndio hao hasa wanaokaa ndani. Ugonjwa huu huanza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini. Kijana anaacha masomo, anageuza usiku kuwa mchana, anakula kidogo, na anamwogopa hata jirani. Pengine familia nayo inamficha kwa aibu. Hilo lipo, tusijidanganye. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile. Chakula hakizibi pengo hilo kwa urahisi: matooke (ndizi za kupika) na posho (ugali) havina vitamini D. Iko kwenye mukene (dagaa), samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai.

Kwa hiyo kipimo cha damu kikionyesha chini ya nanogramu 20 kwa mililita, kiwango ambacho wataalamu wengi hukiita upungufu, mara nyingi kinatueleza jinsi kijana anavyoishi. Hakitoshi kutuambia kwa nini aliugua. Utafiti wa Denmark uliotoka 2018 ulipima damu iliyohifadhiwa tangu watu walipozaliwa, ukakuta waliokuwa na vitamini D kidogo kabisa walipata skizofrenia, aina ya saikosisi inayodumu, zaidi baadaye. Ni uhusiano tu, tena unahusu siku za mimba.

Je, vitamini D inatibu saikosisi? Uingereza walilijaribu jambo hilo. Watu 149 waliokuwa katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa waligawanywa: wengine walipewa uniti 120,000 za vitamini D kila mwezi kwa miezi sita, wengine dawa bandia, yaani isiyo na vitamini hiyo. Matokeo yalichapishwa 2021. Dalili za ugonjwa hazikutofautiana baina ya makundi hayo mawili. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna wazazi wanaosimamisha dawa za hospitali wakisikia kuna vitamini inayotosha. Haitoshi, na anayeachishwa dawa ghafla yuko hatarini kurudiwa na ugonjwa.

Hata hivyo, upungufu ukipatikana tunautibu, kwa ajili ya mifupa na misuli. Maumivu ya kiuno na uchovu wa kijana huyu hayatokani na akili yake peke yake. Tunakuwa macho zaidi kwa anayetumia fenitoini, fenobabito au kabamazepini kwa kifafa, au rifampisini kwa kifua kikuu, kwani dawa hizo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini.

Kumtoa nje ni jambo jema, kwa kiasi. Anayetumia klopromazini, dawa ya saikosisi iliyozoeleka sana, ngozi yake huungua upesi juani. Huyo atembee asubuhi au jioni, avae kofia na mikono mirefu, na vitamini aipate kwa chakula au kidonge. Wengine wanaweza kutoka saa nne au saa tano, wakamsindikize mama bustanini au sokoni. Mazungumzo ya njiani nayo ni tiba, ingawa hayapimiki maabara.

Vidonge navyo visimezwe kiholela. Mtu mzima anahitaji takriban uniti 600 kwa siku, na bila ushauri wa daktari asizidishe 4,000. Vitamini D ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: mtu anatapika, ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, kisha anachanganyikiwa. Nyumbani watasema ugonjwa umemrudia na kuomba aongezewe dawa. Ukimleta kijana wako katika kitengo cha afya ya akili, iwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, au hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, beba kila anachomeza, pamoja na kile ulichonunua duka la dawa bila kuandikiwa na kile cha mganga.